Klorini Haikai: Ushauri kwa Kaya za Jangwani na Kariakoo Kabla ya Masika

Maji yanayojaa Jangwani hayaanzii Jangwani. Yanateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, yanapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, na kila yanapopita yanabeba kilichomwagwa humo: taka za sokoni, maji ya machinjioni, mafuta ya gereji, na vinyesi vya vyoo ambavyo wenyewe huvitapisha mvua zinapoanza kunyesha. Yote hayo hufika bondeni mwa Mto Msimbazi, hulala siku moja au mbili ndani ya nyumba za watu na barabarani, kisha hutafuta njia ya kwenda baharini karibu na Daraja la Salender.

Wakazi wa hapa hawahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na baadhi ya kaya za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo maji yamerudi mara nyingi, hata karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani ikazama. Nyuma ya maji huja ugonjwa. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, ukaenea karibu nchi nzima, na kufikia mwanzoni mwa 2018 ulikuwa umeshambulia watu zaidi ya 33,000 na kuua zaidi ya 500.

Kila mara silaha ya kwanza inayotajwa ni klorini: jiki ya dukani, vidonge vya maji, unga unaogawiwa na maofisa afya. Ni silaha nzuri. Lakini wengi wetu tunaitumia kana kwamba ni chumvi, kitu ambacho kikiwekwa kabatini mwaka mzima kitabaki na nguvu ileile. Klorini haiko hivyo. Kinachoifanya iue vijidudu ndicho kinachoifanya ijiharibu yenyewe. Ukielewa jambo hilo moja, karibu ushauri wote unaofuata utakuja wenyewe.

Nani hasa anayeua vijidudu

Klorini ikiingia kwenye maji, iwe imetoka kwenye jiki, kidonge au unga, hutengeneza kitu kinachoitwa asidi ya hipoklorasi. Fomula yake ni HOCl: hidrojeni moja, oksijeni moja, klorini moja. Mkemia Mfaransa Antoine Jérôme Balard aliitambua mwaka 1834, na hadi leo hakuna aliyeweza kuiweka peke yake ndani ya chupa ikiwa safi bila maji. Huishi ndani ya maji tu, na hata humo haiishi muda mrefu.

Sababu ni kwamba klorini iliyomo ndani ya asidi hiyo imepungukiwa elektroni, na muda wote inatafuta mahali pa kuzichukua. Ikikuta bakteria, inazichukua kwenye protini zake, hasa sehemu zenye salfa, na bakteria anakufa. Ikikuta tope, inazichukua kwenye tope. Ikikuta mabaki ya chakula, jasho la mikono au kutu ya ndoo, inazichukua huko. Na isipokuta chochote, mwanga wa jua na joto huivunja, ikabaki chumvi na oksijeni. Haichagui adui.

Miili yetu inaijua asidi hii tangu zamani. Baadhi ya chembe nyeupe za damu huitengeneza zenyewe, kidogokidogo, ili kuua vijidudu vilivyovamia mwilini. Huitengeneza pale inapohitajika na kwa saa inayohitajika, kwa sababu haiwekeki akiba.

Jambo la pili la kujua ni kwamba asidi hii ina sura mbili. Maji yakiwa na uchachu kidogo au yakiwa ya kawaida, nyingi hubaki HOCl. Maji yakiwa na magadi mengi, hupoteza hidrojeni na kugeuka kuwa hipokloraiti, yenye chaji hasi. Ukuta wa bakteria nao una chaji hasi, kwa hiyo hipokloraiti husukumwa mbali, wakati HOCl isiyo na chaji hupenya. HOCl inaua bakteria kwa kasi inayokaribia mara 80 hadi 100 ya mwenzake. Kwenye pH 6.5, karibu asilimia 90 ya klorini iko katika sura ile kali. Kwenye pH 8.5 imebaki kama asilimia 10 tu.

Viwanda vya jiki huongeza magadi makali makusudi, pH ipande kupita 11, ili klorini itulie katika sura ya hipokloraiti na ikae dukani bila kuharibika haraka. Ndiyo maana kumwaga jiki nzito bila maji hakukupi faida unayoitarajia. Inachubua mikono, inakula nguo na kupoteza fedha. Unapoiongezea maji ya kutosha, magadi yanapungua nguvu na asidi inayofanya kazi inajitokeza.

Unaponunua

Kariakoo utapata klorini ya kila namna, kuanzia maduka ya jumla hadi kwa machinga wa Mtaa wa Kongo. Angalia mambo manne.

Kwanza, tarehe. Jiki iliyotengenezwa miezi mingi iliyopita imepungua nguvu hata kama haijafunguliwa. Joto huharakisha uharibifu huo takriban mara tatu hadi nne kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Chupa iliyokaa chini ya bati la kibanda au iliyopangwa juani si sawa na iliyokaa ndani kwenye kivuli, ijapokuwa bei ni moja.

Pili, asilimia. Chupa nyingi zinazouzwa hapa zina hipokloraiti asilimia 3.5 au karibu na hapo, lakini zipo nyingine. Bila kujua asilimia huwezi kupima. Chupa isiyoandikwa kitu iache hapohapo ilipo.

Tatu, jiki ya kupima, ile inayomiminwa kwenye chupa za maji au za soda. Hujui nguvu yake wala umri wake, na mara nyingi chupa hizo hupitisha mwanga. Baya zaidi, mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Ukilazimika kuinunua, ifunge, iandike kwa kalamu isiyofutika na uiweke juu, mbali na mkono wa mtoto.

Nne, harufu ya manukato. Jiki yenye marashi, rangi au sabuni ni ya kufulia na kusafishia tu. Isiingie kwenye maji ya kunywa hata tone moja.

Kwa maji ya kunywa, vidonge ni chaguo bora kwa kaya nyingi. Dawa iliyomo imekauka, na asidi haitengenezwi mpaka kidonge kikutane na maji. Tatizo la kuharibika limeahirishwa mpaka saa ile unapoihitaji. Kikiwa kwenye pakiti isiyotoboka, kidonge hukaa miaka. Kikipata unyevu kinaanza kujiharibu. Soma pakiti vizuri, kwa maana kuna vidonge vya lita moja, vya lita tano na vya lita 20. Wala kidonge hakimezwi.

Tangu wakati wa korona zimekuwapo pia chupa za kupuliza zilizoandikwa asidi ya hipoklorasi. Ikiwa mpya ni dawa nzuri na laini kuliko jiki, lakini ndiyo inayoharibika upesi. Inunue ikiwa ndani ya chupa isiyopitisha mwanga na yenye tarehe ya karibuni, au iache.

Maji ya kunywa

Maji mengi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka mitamboni Ruvu yakiwa yamewekwa klorini. Swali ni kama bado ipo yanapofika kwenye kikombe chako. Safari ni ndefu. Mgao ukifika na msukumo ukipungua, bomba lililotoboka linaweza kunyonya maji machafu yaliyolizunguka. Kisha maji hupanda kwenye simtanki juu ya ghorofa na kukaa siku kadhaa kwenye joto, au husukumwa kwa mkokoteni ndani ya madumu ambayo hayajulikani yalibeba nini jana. Klorini iliyotoka Ruvu inaweza kuwa imekwisha njiani. Maji ya kisima hayakuwa nayo tangu mwanzo. Kwa hiyo wakati wa mafuriko au mlipuko, chukulia kwamba maji yote ya nyumbani yanahitaji dawa.

Fanya hivi. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Tia kidonge kimoja cha lita 20 kwenye ndoo ya lita 20. Yakiwa bado na ukungu baada ya kuchujwa, tia viwili. Koroga, funika, subiri dakika 30. Kama maji yako yana magadi, kama yalivyo ya baadhi ya visima, subiri saa nzima, kwa sababu klorini nyingi itakuwa katika ile sura dhaifu.

Vidonge vikikosekana na una jiki isiyo na manukato ya asilimia 3.5, robo ya kijiko cha chai inatosha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Nusu kijiko kwa maji yenye ukungu. Kwa simtanki la lita 1,000 lililosafishwa, mililita 60 zinatosha. Usizidishe ukidhani unajilinda zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 5 za klorini kwa lita ya maji ya kunywa, na vipimo hivi viko chini ya hapo.

Baada ya dakika 30 nusa maji. Harufu hafifu ya klorini ni habari njema: dawa imemaliza kazi na imebaki ya kulinda. Kama hakuna harufu kabisa, uchafu umeimaliza. Rudia kipimo kimoja na usubiri tena. Ikiwa mara ya pili harufu haipo, maji hayo ni machafu kupita uwezo wa klorini, au dawa yako imekufa. Tafuta maji mengine.

Wazee wengi huamini kuchemsha tu, nao wana haki. Kuchemsha kunaua hata vimelea ambavyo klorini hushindwa kuviua, kama kriptosporidiamu. Lakini maji yaliyochemshwa hayana mlinzi: kikombe kimoja kichafu kikitumbukizwa, yamechafuka tena. Klorini hubaki ndani ya maji kwa muda na kumuua anayeingia baadaye. Kama mkaa upo, chemsha, yapoe, kisha yahifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko na bomba. Maji yaliyotiwa dawa yanyweni ndani ya saa 24, na kikombe kisitumbukizwe.

Baada ya maji kutoka ndani

Kosa linalofanyika karibu kila nyumba ni kumwaga jiki juu ya tope. Mnakumbuka asidi hii haichagui. Tope la Msimbazi limejaa mabaki ya viumbe na amonia ya vyoo; dawa yote itaishia humo kabla ya kumfikia mdudu mmoja wa kipindupindu. Mpangilio wa kazi ndio unaookoa.

Vaa glavu na mabuti. Toa tope lote kwa koleo. Osha sakafu, kuta na vyombo kwa maji na sabuni mpaka rangi ya tope iishe. Suuza sabuni itoke. Sasa ndipo klorini iingie: paka, acha palowe kwa dakika 10, kisha suuza na upakaushe.

Kupata kiasi sahihi, chukua asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa asilimia unayotaka, kisha toa moja. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya jiki. Sakafu na choo vilivyofikwa na maji taka vinahitaji asilimia 0.5. Jiki ya 3.5 ukigawa kwa 0.5 unapata 7. Toa moja, inabaki 6. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji. Jiki ya asilimia 5 ingehitaji vikombe tisa.

Changanya ndani ya chombo cha plastiki. Chuma, shaba na aluminiamu huharakisha kuvunjika kwa dawa, na dawa nayo hula chombo. Tengeneza ya siku hiyo tu. Inayobaki jioni imwage, kesho tengeneza mpya. Fungua madirisha unapofanya kazi, na watoto na wenye pumu wakae nje.

Magodoro yaliyolowa maji taka hayaokoleki kwa klorini. Nguo zioshwe kwa sabuni kwanza, zilowekwe kwenye jiki iliyochanganywa maji mengi kama zinastahimili, kisha zianikwe juani.

Kwa mama lishe na wauza vinywaji

Wewe unayelisha mamia ya watu pembezoni mwa Mtaa wa Msimbazi una dhamana kubwa kuliko mwenye nyumba, kwa sababu kosa moja la ndoo yako linakwenda na wateja hadi Mbagala na Kimara.

Ndoo ya kunawia mikono isikae juani. Klorini kidogo iliyo kwenye maji maangavu hupotea ndani ya saa chache juani, na mteja atanawa kwa maji matupu akidhani ni dawa. Iweke kivulini, iwe na kifuniko na bomba, na maji yabadilishwe kila siku. Kwa kawaida maji safi na sabuni yanatosha mikono. Pale ambapo sabuni haipo na kuna mlipuko, tumia asilimia 0.05: kwa jiki ya 3.5 ni sehemu moja kwa sehemu 69 za maji, yaani karibu mililita 290 kwenye ndoo ya lita 20.

Nyanya, vitunguu na kabichi za kachumbari zioshwe kwanza kwa maji safi, kisha zilowekwe dakika chache kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na manukato kwa lita tatu, halafu zisuuzwe kwa maji yaliyokwisha kutibiwa. Barafu nayo itoke kwenye maji yaliyotibiwa, maana kuganda hakumuui mdudu wa kipindupindu. Anayefunga maji ya kandoro au kukamua miwa afuate hivyohivyo.

Visivyochanganywa

Jiki na asidi havikai pamoja. Dawa nyingi za kung'arisha choo na vigae zina asidi. Zikikutana na jiki, asidi ya hipoklorasi hurudi kuwa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndimu na siki hufanya hivyohivyo, japo kwa nguvu ndogo. Ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha, hili linaweza kumwangusha mtu kwa dakika chache.

Jiki na amonia pia havikai pamoja. Amonia imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo na katika mkojo uliolala. Vikikutana hutoa kloramini, inayochoma macho na mapafu. Choo chenye mkojo mwingi kimwagiwe maji mengi kabla ya jiki, na mlango uwe wazi.

Ukisikia macho yanawasha na koo linabana, toka nje mara moja na usirudi kuokoa ndoo. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Mtoto akinywa jiki, msukutue kinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali ya Amana, Mnazi Mmoja au Muhimbili ukiwa umebeba na chupa yenyewe.

Mipaka ya klorini

Klorini haitoi madini mazito. Maji ya Msimbazi hupokea majitaka ya viwandani, na mchicha unaomwagiliwa humo unaweza kubeba risasi ndani ya jani, mahali ambapo jiki haifiki. Klorini haitoi mafuta wala chumvi ya kisima. Wala haiponyi aliyekwisha kuugua. Mwenye kuharisha maji mengi apewe ORS iliyochanganywa kwa maji yaliyotibiwa, tena saa ileile, huku akipelekwa kituo cha afya.

Na haichukui nafasi ya mifereji na vyoo. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipita Zanzibar kikaua watu kwa maelfu, wakati ambao karibu hakuna aliyemjua mdudu wake. Mwaka 1908 mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kuyatia klorini maji ya mji mzima, ukawa mfano kwa miji mingine. Leo mdudu tunamjua na dawa tunayo mkononi. Kinachotushinda ni uchafu mwingi unaoila dawa kabla haijafanya kazi. Jirani anayetapisha choo usiku wa mvua anaimaliza klorini ya mtaa mzima. Mwambieni, na asiposikia, mpelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa bila aibu, kwa sababu wanaokufa ni watoto wa wote.

Masika huanza Machi. Wiki moja kabla, nunua pakiti mpya ya vidonge na chupa moja ya jiki yenye tarehe ya karibuni. Andika tarehe ya kununua juu yake. Ya zamani itumie kufulia. Weka hivyo viwili pamoja na glavu na ORS mahali pa juu, pakavu, pasipoingia jua wala maji ya bondeni, na umwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba mahali hapo na kipimo cha ndoo. Mvua za vuli zikikaribia Oktoba, anza upya.